FIGO HAIPIGI HODI, UKIISIKIA UJUE USHACHELEWA

Leo naomba tuweke pembeni siasa na Ligi Kuu. Kama umelipia nusu saa hapo kafe, nipe dakika kumi tu, zinazobaki endelea na mambo yako.

Mjomba wangu mmoja alikuwa mtu wa Mwera, wilaya ya Pangani, kule ng'ambo ya mto. Ujanani alikata mkonge, baadaye akawa na shamba lake la minazi na mihogo. Mtu wa nguvu, hospitali hana habari nayo. Mgongo ukimuuma anamtuma mtoto dukani, anameza diklofenaki mbili, kesho alfajiri yumo shambani. Kafanya hivyo miaka na miaka. Presha hakuwahi kupima hata siku moja, manake alikuwa anasema yeye kichwa hakimuumi.

Siku miguu ilipoanza kuvimba, si mnajua kwetu Tanga, jibu la kwanza likawa "kakanyaga kitu". Akazungushwa kwa waganga miezi miwili, dawa za kunywa, za kuoga, za kujifukiza. Alipofikishwa hospitali alikuwa anahema kama katoka kukimbia, presha 210 kwa 120, na daktari akatuambia figo zote mbili zimekwisha kazi. Akatakiwa kusafishwa damu kwa mashine mara tatu kwa wiki. Ikabidi ahamie Dar kwa binti yake, akauza minazi, akauza ng'ombe. Alidumu miezi saba, Mungu amrehemu.

Baada ya arobaini nikaona nami nikapime. Nina miaka 29, nacheza mpira, sinywi. Nikakutwa na presha 150 kwa 95. Nilikuwa sisikii kitu chochote. Ndo maana naandika hii.

KWANZA, FIGO INAFANYA KAZI GANI?

Una figo mbili, ziko mgongoni chini ya mbavu, kila moja kubwa kama ngumi yako. Ndani ya kila figo kuna vichujio vidogo sana, kama milioni moja hivi. Kwa siku moja vinachuja maji ya damu yanayofika lita 180, halafu karibu yote yanarudishwa mwilini. Kinachobaki, lita moja na nusu hivi, ndiyo mkojo unaoumwaga.

Lakini kutoa mkojo ni kazi mojawapo tu. Figo inapanga chumvi na maji viwe kiasi gani mwilini, inarekebisha presha, inatoa homoni inayouambia mwili utengeneze damu, na inaiandaa vitamini D ili mifupa iwe imara. Ndo maana mtu wa figo utamwona kapauka, kaishiwa damu, mifupa inamuuma, presha haishikiki. Na wagonjwa wengi wa figo wanaondoka kwa ugonjwa wa moyo hata kabla hawajafika kwenye mashine, kwa sababu presha, maji na uchafu uliobaki kwenye damu vyote vinaulemea moyo.

Kuna figo kufeli kwa ghafla, mfano baada ya malaria kali, kuharisha sana au uzazi uliotoka damu nyingi. Hiyo mara nyingi inatibika na figo zinarudi. Mimi naongelea ile ya pili, ugonjwa sugu wa figo, yaani figo zilizoharibika kwa zaidi ya miezi mitatu na zinaendelea kupungua polepole. Vichujio vilivyokufa havifufuki. Kinachowezekana ni kuvilinda vilivyobaki.

KWA NINI HUSIKII KITU?

Kwa sababu figo ni mvumilivu kupita kiasi. Vichujio vikifa, vilivyobaki vinabeba mzigo wa wenzao. Mtu anaweza kupoteza zaidi ya nusu ya uwezo wa figo zake akawa bado anakula, anacheza, anaoa. Madaktari wamegawa ugonjwa huu kwenye hatua tano kufuatana na kasi ya figo kuchuja. Hatua ya kwanza ni kasi ya 90 na kuendelea, ila kuna dalili ya kuharibika kwenye mkojo. Ya pili ni 60 mpaka 89, ya tatu 30 mpaka 59, ya nne 15 mpaka 29, na ya tano ni chini ya 15. Dalili za kueleweka kwa wengi zinaanza hatua ya nne: uchovu, miguu na uso kuvimba, kichefuchefu, kuwashwa mwili mzima, ladha mbaya mdomoni, kwikwi isiyoisha, kukosa pumzi ukilala chali. Wanaume nguvu zinapungua, wanawake siku zao zinavurugika, na ndoa nyingi zinatikisika bila mtu kujua kisa ni figo.

Msidhani haya ni mambo ya Ulaya. Kuna utafiti ulifanyika Moshi, jirani zetu tu hapo, ukachapishwa 2015. Katika kila watu wazima 100, karibu 7 walikuwa na ugonjwa sugu wa figo. Mjini walikuwa 15 katika 100, vijijini 2. Na katika waliokutwa nao, ni kama mmoja tu katika kumi aliyekuwa anajua. Wengine wote walikuwa wanapita mtaani kama wewe na mimi.

NANI ANAZIHARIBU?

Presha na kisukari. Hawa ndo vigogo. Presha inavipiga vichujio kama maji ya bomba yenye kasi yanavyotoboa kitambaa, na sukari inavikaza na kuvitoboa taratibu. Ubaya mwingine ni kwamba figo ikiharibika inapandisha presha, na presha inaiharibu figo zaidi, yaani wanasukumana kwenda shimoni.

Dawa za maumivu. Diklofenaki, ibuprofeni na ndugu zao zinapunguza damu inayoingia kwenye figo. Ukimeza siku mbili jino likikuuma, na figo zako ni nzima, kwa kawaida hamna noma. Ukimeza kila siku kama karanga, hasa ukiwa na presha, kisukari au umri umekwenda, unazimaliza. Zikichanganywa na dawa za presha na mtu kukosa maji mwilini, ndo balaa zaidi. Kwa maumivu ya kawaida paracetamoli kwa kipimo chake ni salama zaidi kwa figo.

Kichocho. Hili ni letu sisi watu wa ukanda wa Tanga, tuliokua tunaogelea kwenye mabwawa na vijito. Sehemu nyingi mtoto wa kiume akikojoa damu wakubwa walikuwa wanacheka, eti kakua. Jamani, ule ni mdudu. Mayai yake yanatia makovu kwenye kibofu na kwenye mirija inayotoka kwenye figo, mkojo unakwama, unarudi nyuma, figo inavimba na kufa. Na kibofu kinaweza kupata saratani. Dawa yake ipo, prazikwanteli, ni ya kumeza kwa siku moja tu. Ukiona damu kwenye mkojo wa dogo, mpeleke akapime.

Virusi vya ukimwi. Vinaweza kuharibu figo vyenyewe. Anayetumia dawa za kupunguza makali anazilinda figo zake pia, ila ahakikishe anapimwa figo mara kwa mara, maana baadhi ya dawa hizo zinahitaji kuangaliwa.

Mkorogo. Dada zangu, hapa msikasirike. Krimu za kujichubua zenye zebaki zinapenya kwenye ngozi mpaka kwenye figo. Mwaka 1972 madaktari wa Nairobi waliandika kuhusu wagonjwa waliovimba mwili kwa sababu figo zao zilikuwa zinavujisha protini, na zaidi ya nusu yao walikuwa wanatumia krimu za kung'arisha ngozi. Baadhi walipona walipoacha. Kama ule mkebe hauna orodha ya vilivyomo, uso wako si wa kujaribia.

Mitishamba isiyojulikana. Sisemi kila jani ni sumu, na sina ugomvi na waganga. Lakini neno "asili" lisikulaze usingizi. Brussels, Ubelgiji, mwanzoni mwa miaka ya 1990, wanawake walikuwa wanameza vidonge vya kupunguza unene vyenye mmea wa Kichina, wengi figo zikafa kabisa. Na tusisahau 2011, maelfu walipopanga foleni Samunge, Loliondo, kwa kikombe cha shilingi 500. Kunywa kikombe ni hiari ya mtu, tatizo ni wale walioacha dawa za presha na kisukari baada ya kunywa.

Jua na kiu. Katika ule utafiti wa Moshi karibu nusu ya waliokutwa na ugonjwa hawakuwa na presha, kisukari wala virusi vya ukimwi. Huko Nicaragua na El Salvador vijana wengi wakata miwa, wasio na presha wala sukari, wamepata ugonjwa sugu wa figo, na kazi nzito juani na kukosa maji ni mambo yanayotajwa sana. Kwa hiyo ukienda kukata mkonge au kwenye mashamba ya chumvi, beba maji, pumzika kivulini, na jioni mwili ukiuma usikimbilie diklofenaki wakati umekauka.

VIPIMO NI VITATU TU

Cha kwanza, presha. Kamba mkononi, dakika mbili, kwisha. Ikisoma 140 kwa 90 au zaidi kwa siku tofauti, hiyo ni presha, hata kama kichwa hakikuumi.

Cha pili, mkojo. Wanachovya kijiti, kikibadilika rangi kinaonyesha kama kuna protini au damu. Figo nzima haivujishi protini. Ukiona mwenyewe povu kwenye mkojo ambalo halipotei, kila siku, usipuuze.

Cha tatu, damu, kipimo cha kreatinini. Ni taka inayotoka kwenye misuli, figo ikishindwa kuitoa inapanda. Mwambie daktari akukokotolee na ile kasi ya kuchuja, usiondoke na namba ya kreatinini peke yake.

Usingoje mpaka ufike Bombo. Presha na mkojo uliza hata kwenye zahanati au kituo cha afya cha karibu, na kreatinini uliza hospitali ya wilaya. Mwenye presha, kisukari, virusi vya ukimwi, au ndugu wa damu aliyeumwa figo, apime walau mara moja kwa mwaka. Kipimo kimoja kibaya hakitoshi kukuhukumu, kinarudiwa baada ya miezi mitatu.

UKIKUTWA NAYO MAPEMA

Usiende kuuza shamba wala usijifungie ndani. Mtu wa hatua ya pili au ya tatu anaweza kuzeeka na figo zake akijituliza.

Dawa za presha kila siku, lengo kwa wengi ni chini ya 130 kwa 80. Zipo dawa kama enalaprili, lisinoprili na losartani ambazo zinashusha presha na pia zinapunguza protini inayovuja, kwa hiyo zinailinda figo mara mbili. Mjamzito hazimfai, kwa hiyo mwanamke anayetarajia kubeba mimba amwambie daktari. Zipo na dawa za kisukari za kundi la dapagliflozini ambazo zimeonekana kupunguza kasi ya figo kuharibika hata kwa baadhi ya wasio na kisukari. Uliza daktari kama zinakufaa.

Kosa kubwa tunalofanya ni kumaliza pakiti moja, presha ikashuka, tukaacha. Presha imeshuka kwa sababu umemeza. Ukiacha inarudi, na safari hii figo ndizo zinazolipa.

Sigara acha. Chumvi punguza, isizidi gramu 5 kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai kwa vyakula vyote. Ng'onda na papa mkavu ni watamu, lakini wamejaa chumvi. Ukiwapika, waloweke, umwage maji, na usiongeze chumvi nyingine.

DAFU, MACHUNGWA NA BIRIMBI

Hapa ndipo watu wa pwani tunachanganyana. Kila siku tunaambiwa dafu linasafisha figo. Kwa mwenye figo nzima dafu ni kinywaji kizuri tu. Kwa aliyefika hatua ya nne au ya tano linaweza kumuua, kwa sababu limejaa potasiamu. Figo iliyochoka haiwezi kuitoa, inajaa kwenye damu, na moyo unaweza kusimama ghafla. Hivyo hivyo machungwa ya Muheza, ndizi, parachichi, maharage, mchicha na kisamvu. Mgonjwa wa hatua hizo ale kwa kipimo cha daktari, na mboga zikatwe, zichemshwe kwa maji mengi, maji yamwagwe. Wali na ugali havina shida kubwa upande huo.

Ila msikurupuke kumnyima kila mtu matunda. Wa hatua za mwanzo ambaye potasiamu yake iko sawa anaruhusiwa. Kipimo cha damu ndicho kinachosema, jirani asikusemee.

Na birimbi? Ya kutia kwenye achari au mchuzi kwa mwenye figo nzima haina neno. Lakini madaktari wa Kerala, India, waliripoti watu ambao figo zilifeli ghafla baada ya kunywa juisi nzito ya birimbi wakidhani inashusha mafuta mwilini. Ina asidi inayoganda kwenye figo. Mgonjwa wa figo asiiguse kabisa.

Kuhusu maji, kunywa lita tano kwa siku hakumponyi mtu. Mzima anywe kiu yake na kazi yake inavyodai, aliyevimba anywe kama alivyopangiwa.

IKIFIKA HATUA YA MWISHO

Hapo kuna njia mbili za kuendelea kuishi. Ya kwanza ni mashine. Damu inatolewa mkononi, inapita kwenye chujio, inarudishwa, saa nne hivi kila mara, mara tatu kwa wiki. Ukipiga hesabu ni mara 156 kwa mwaka. Chukua mfano wa shilingi laki mbili kwa kila mara, ni zaidi ya milioni 31 kwa mwaka, bila nauli wala dawa. Bila bima ni familia ngapi zinaweza? Ndo maana nawaambia vijana, bima ya afya ikatwe ukiwa mzima, usisubiri uvimbe. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa 2023, tuifuatilie.

Zamani mashine hizi zilikuwa kitu cha miji mikubwa michache, lakini miaka ya karibuni zimesambazwa kwenye hospitali nyingi za rufaa za mikoa. Hata hivyo, mtu wa Mwera anatakiwa avuke mto Pangani, halafu kilomita hamsini hivi mpaka Tanga mjini, alale kwenye mashine, arudi, keshokutwa tena. Ule msemo wetu wa Tanga, waja leo waondoka leo, kwa mgonjwa wa figo unageuka kuwa ratiba ya maisha. Ukiwa hatua ya nne, mwombe daktari muanze kupanga mapema: mshipa wa mkono utengenezwe, chanjo ya homa ya ini, na wapi utakaa.

Njia ya pili ni kupandikizwa. Muhimbili walifanya upandikizaji wa kwanza wa figo nchini Novemba 2017, wakisaidiana na madaktari kutoka India, na Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, ikafuata 2018. Kabla ya hapo safari ilikuwa India. Figo inatolewa na ndugu aliye hai aliyepimwa akakubalika, na mtu mzima anaweza kuishi vizuri na figo moja. Aliyepandikizwa anameza dawa maisha yake yote, lakini anarudi kazini.

ONYO LA MWISHO KWA WATU WA KAFE

Mnaona yale matangazo yanayobandikwa kwenye maoni ya blogu na kutumwa kwenye imeili, eti "hospitali ya India inanunua figo kwa maelfu ya dola"? Ni utapeli. India yenyewe ilipiga marufuku biashara ya viungo kwa sheria ya 1994. Wanakuomba kwanza hela ya usajili, ukituma, wameyeyuka. Hao wanaokula tu hela yako ni wenye nafuu. Usimpe mtu namba ya pasipoti yako kwa sababu ya shida.

Haya, dakika kumi zimekwisha. Mimi sasa nameza kidonge kimoja kila asubuhi, presha iko 126 kwa 80, mkojo safi, na Jumapili nacheza namba sita kama kawaida. Mjomba angepimwa miaka kumi nyuma, huenda na yeye angekuwa kwenye minazi yake leo. Ukitoka hapo kafe pita zahanati, upime, halafu mpigie simu mzee wako nyumbani umuulize lini mara ya mwisho amepima presha.

Mkishapima tupeni majibu hapo chini kwenye maoni, hata bila jina. Na mwenye swali aulize. Nisiloweza kujibu nitamwomba daktari anisaidie, siwezi kubuni.

Nawakilisha.